SPRINGI ZA GARI LA ZAMANI: UZITUNZE, NAZO ZIKUTUNZE

Barabara nyingi za vijijini ni za udongo. Wakati wa masika zina mashimo na matope. Wakati wa kiangazi zina mawe na makorongo. Lakini gari linapita. Linabeba mahindi, pamba na mbolea. Siku nyingine linabeba mgonjwa, au mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku. Na gari lenyewe mara nyingi ni la zamani, kama vile Land Rover ya miaka ya sabini au Toyota Land Cruiser iliyopita mikononi mwa watu wengi.

Je, ni kitu gani kinachokaa kati ya mzigo na mashimo hayo? Ni springi. Springi ikivunjika njiani, mazao yanalala porini na mgonjwa anachelewa. Mbaya zaidi, gari linaweza kuacha njia likiwa na watu ndani.

Watu husema, "Springi imevunjika ghafla." Si kweli. Mara nyingi springi huanza kuharibika kidogo kidogo, kwa miezi mingi, na dalili zinaonekana. Mwenye macho ya kukagua, futi ya kupimia na daftari la kuandikia anaweza kuzijua mapema. Nawe umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi, kazi hii unaiweza.

SPRINGI ZA MAJANI NI NINI?

Hebu inama utazame chini ya Land Rover ya zamani. Karibu na kila gurudumu utaona vipande virefu vya chuma bapa. Vimepangwa kimoja juu ya kingine, navyo vimepinda kama upinde. Kila kipande huitwa jani. Majani yote pamoja ndiyo springi moja.

Jani moja ni refu kuliko mengine. Hilo ndilo jani kuu. Ncha zake mbili zimekunjwa kuwa matundu ya mviringo, nayo huitwa macho ya springi. Ndani ya kila jicho kuna bushi, yaani kipande cha mpira au cha chuma kinachoshika pini.

Jicho moja limefungwa kwenye chesisi. Jicho la pili limefungwa kwenye kiungo kinachobembea, kinachoitwa shekeli. Kwa nini kiungo hicho kinabembea? Kwa sababu springi ikibebeshwa mzigo hunyooka, na ikinyooka huwa ndefu zaidi. Kama ncha zote mbili zingefungwa imara, springi isingepata nafasi ya kunyooka.

Katikati ya springi kuna bolti moja inayopita katika majani yote. Hiyo ni bolti ya senta. Inazuia majani yasiteleze, na inaiweka ekseli mahali pake. Kisha kuna yubolti, yaani bolti zilizopinda kama herufi U. Hizo ndizo zinazobana springi na ekseli pamoja kwa nguvu.

Kwa hiyo springi za majani zina kazi mbili. Kwanza, zinapokea mtikisiko. Pili, zinashika ekseli isiende mbele, nyuma wala upande. Ndiyo maana springi ikivunjika, gari linaweza kuyumba au kukataa kufuata usukani.

ZIMETOKA WAPI?

Springi za majani ni za zamani kuliko injini. Huko Ulaya zilitumika katika magari ya kukokotwa na farasi. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa Marekani tangu mwaka 1908 hadi 1927, lilikuwa nazo. Land Rover ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 ilikuwa na springi za majani kwenye magurudumu yote manne. Ziliendelea hivyo mpaka Land Rover za mtindo wa Series III zilipokoma mwaka 1985. Land Rover mpya iliyotoka mwaka 1983 iliwekewa springi za kuzunguka kama koili.

Lakini springi za majani hazijafa. Toyota Land Cruiser za aina ya 70, zilizoanza mwaka 1984, bado zina majani nyuma. Malori pia yanazo. Sababu ni kwamba springi hizi zinabeba mzigo mzito, ni rahisi kuzielewa, na zinatengenezeka hata mbali na mji.

MUULIZE MHUNZI

Jani la springi si chuma cha kawaida. Wahunzi wetu wanalijua jambo hili. Ndiyo maana wanatafuta majani ya zamani ya springi ili wafulie majembe, mapanga na visu.

Mhunzi anajua kwamba moto hubadili tabia ya chuma. Akikichoma mpaka kiwe chekundu kisha akakizima haraka, kinakuwa kigumu lakini hukatika kama chungu. Akikiacha kipoe polepole kinakuwa laini, nacho hupinda. Kiwandani jani la springi huchomwa, huzimwa, kisha hupashwa moto tena kwa kipimo. Hapo linapata ugumu na pia uwezo wa kunyumbuka na kurudi.

Sasa tazama kinachotokea jani lililovunjika likiungwa kwa kuchomelea. Moto wa kuchomelea unaharibu kipimo kile cha kiwandani. Sehemu moja inakuwa ngumu mno, na sehemu ya jirani inakuwa laini. Jani litaonekana zima, lakini litavunjika tena, mara nyingi pembeni tu ya pale palipochomelewa. Basi kumbuka: JANI LILILOVUNJIKA HALIUNGWI, LINABADILISHWA. Lile la zamani mpelekee mhunzi.

MAADUI WANNE WA SPRINGI

Adui wa kwanza: Mzigo kupita kiasi

Simama na ndoo ya maji kichwani. Utaweza. Sasa ruka ngazi moja na ndoo hiyo kichwani. Shingo yako itakuambia kilichotokea! Springi nazo ni hivyo. Gari likiangukia shimoni, springi inabeba uzito mkubwa kuliko ule wa gari lililosimama. Kama mzigo ulikuwa umezidi tangu mwanzo, majani yananyooka kabisa, na pigo linakwenda moja kwa moja kwenye ekseli na chesisi.

Fanya hesabu kabla ya kupakia. Tuseme kitabu cha gari lako kinaruhusu kilo 800, watu wakiwamo:

Magunia 7 ya kilo 100: kilo 700
Watu 3 wa kilo 60: kilo 180
Jumla: kilo 880

Umezidisha kilo 80. Shusha gunia 1, utabaki na kilo 780. Tena angalia lumbesa. Gunia la lumbesa si la kilo 100, ni zaidi. Maji nayo si mepesi: pipa la lita 200 likijaa lina kilo 200 za maji, bado pipa lenyewe.

Adui wa pili: Kutu na matope

Majani yanatakiwa kuteleza kidogo, moja juu ya jingine. Matope yakiingia kati yao, na kutu ikishika, yanang'ang'aniana. Springi inakuwa ngumu kama gogo. Abiria wanarushwa, na kutu inaendelea kula chuma. Mahali palipoliwa na kutu ndipo ufa unapoanzia.

Adui wa tatu: Yubolti kulegea

Yubolti zikilegea, springi inacheza juu ya ekseli. Bolti ya senta inabeba kazi isiyo yake, mwisho inakatika. Hapo ekseli inasogea, na gari linakwenda upandeupande kama kaa. Majani nayo huvunjika katikati, kwenye tundu la bolti ya senta.

Adui wa nne: Bushi kuisha

Bushi ikiisha, pini inacheza ndani ya jicho. Utasikia kugonga, "ko, ko, ko," gari likipita kwenye mashimo. Usukani unakuwa na uchezi. Jicho linakwanguliwa mpaka linapanuka, na jicho likipanuka jani kuu limekwisha.

JINSI YA KUKAGUA

Simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo. Zima injini. Ingiza gea, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Ukaguzi huu hauhitaji jeki. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na watu wamekufa kwa njia hiyo.

Safisha springi kwa brashi, kisha tazama mambo haya:

1. Je, kuna jani lenye ufa? Tazama hasa karibu na macho na karibu na bolti ya senta. Ufa huonekana kama mstari mwembamba wenye kutu.
2. Je, majani yamepangika sawa, au moja limechomoka upande? Likichomoka, huenda limevunjika au bolti ya senta imekatika.
3. Je, nati za yubolti zimekaza? Zijaribu kwa spana. Chuma kinachong'aa pembeni ya yubolti ni dalili kwamba kuna kitu kinacheza.
4. Je, bushi zimepasuka au zimetoka nje ya jicho?
5. Je, shekeli inabembea, au imeshikwa na kutu?
6. Je, shokapu zinavuja mafuta? Kazi ya shokapu ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka. Shokapu mbovu inaichosha springi nzima.

PIMA, KISHA ANDIKA

Sasa chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne. Ukipima hivi, tairi lenye upepo mdogo halitakudanganya, maana hukupimia ardhini. Andika katika daftari. Kwa mfano:

Tarehe 2 Februari
Mbele kulia: sm 49
Mbele kushoto: sm 48
Nyuma kulia: sm 53
Nyuma kushoto: sm 53

Tarehe 2 Mei
Mbele kulia: sm 49
Mbele kushoto: sm 48
Nyuma kulia: sm 53
Nyuma kushoto: sm 50

Daftari hili linasema nini? Springi ya nyuma kushoto imeshuka sentimita 3 katika miezi mitatu. Kwa macho tu usingejua. Huenda kuna jani limevunjika ndani, au springi imechoka. Mwite fundi kabla ya safari nyingine.

Usishangae pande mbili zikipishana kidogo tangu mwanzo. Katika Land Rover nyingi za zamani, springi ya upande wa dereva ilitengenezwa ikiwa imepinda zaidi kuliko ya upande wa pili. Kwa sababu hiyo, usibadilishane ya kulia na ya kushoto. Unachotafuta katika daftari ni mabadiliko kutoka tarehe moja hadi nyingine.

Kipimo cha pili ni cha kamba. Magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Kisha peleka kamba hiyohiyo upande wa kushoto. Zikipishana sana, ekseli imesogea. Gari hilo lisibebe watu mpaka litengenezwe.

KUSAFISHA NA KUPAKA GRISI

Fanya kazi hii kabla ya masika na baada ya masika.

1. Osha matope yote kwa maji. Acha pakauke.
2. Inua gari kwa jeki chini ya chesisi, mpaka magurudumu yaning'inie. Weka stendi za chuma au magogo mapana ya mti mgumu chini ya chesisi. Usitumie matofali, kwa maana hupasuka. Sukuma gari kidogo kwa mkono uone kama limekaa imara, ndipo ufanye kazi.
3. Gari likining'inia hivyo, majani huachana kidogo. Kwangua kutu kwa brashi ya waya.
4. Ingiza grisi kati ya majani kwa kipande chembamba cha bati. Grisi yenye unga mweusi wa grafaiti ni nzuri zaidi.
5. Futa grisi iliyobaki nje. Usiipake springi yote. Grisi ya nje hushika vumbi na mchanga, na mchanga wenye grisi hula chuma kama msasa.
6. Usiweke grisi wala oili chafu kwenye bushi za mpira. Mafuta huufanya mpira uvimbe na kuoza.

Malori na magari mengine yana bushi za chuma zenye chuchu za grisi. Hizo ndizo za kutiwa grisi kwa bomba, mara kwa mara, hasa baada ya kupita kwenye maji. Kwa hiyo kwanza jua gari lako lina bushi za aina gani.

YALIYO YA FUNDI

Kufungua springi ni kazi ya fundi. Majani yamebanwa kwa nguvu, na bolti ya senta ikifunguliwa bila vibano yanaweza kufyatuka na kuumiza mtu. Hata hivyo, mwenye gari anatakiwa kujua maswali ya kumwuliza fundi. Haya ni manne:

"Fundi, yubolti ni mpya?" Yubolti ikishakazwa huvutika. Springi ikifunguliwa, ni vizuri kuweka mpya.

"Nati umezikaza kwa zamu?" Zinakazwa kidogo kidogo, moja huku, nyingine ng'ambo, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake.

"Pini za bushi za mpira umezikaza lini?" Zikikazwa sana gari likiwa bado linaning'inia, mpira utajinyonga gari likishuka, nao utachanika mapema. Zinakazwa mwisho, gari likiwa chini.

"Nirudi lini?" Baada ya kilomita kama 500 nati za yubolti zikazwe tena. Andika katika daftari ili usisahau.

JE, TUONGEZE JANI?

Mara nyingi dereva humwambia fundi: "Ndugu yangu, niongezee jani moja nyuma, nibebe zaidi." Fundi mzuri atamjibu: "Jani nitaongeza, kaka, lakini breki je? Tairi je? Ekseli je?"

Hilo ndilo jibu. Jani la kuongeza linaweza kuinua gari lililolala. Lakini mzigo ulioruhusiwa haubadiliki. Breki ni zilezile na ekseli ni ileile. Tena springi inakuwa ngumu, na gari likiwa tupu linarukaruka na kupoteza mshiko barabarani. Kama lazima uongeze, ongeza pande zote mbili, kwa ushauri wa fundi.

Zipo njia bora za kuboresha:

Njia ya kwanza ni kurudisha springi ilivyokuwa: majani safi, grisi, bushi mpya, yubolti mpya na shokapu nzima. Wengi wanaodhani wanahitaji springi mpya wanahitaji haya tu.

Njia ya pili ni kukunja upya majani yaliyolala. Hii ifanywe na karakana yenye ujuzi na vifaa. Lakini chuma kilichochoka sana kitalala tena, hapo ni heri kununua springi nyingine.

Njia ya tatu ni springi za parabola. Hizi zina majani machache, mara nyingi mawili au matatu. Kila jani ni nene katikati na jembamba kwenye ncha. Majani hugusana katikati na kwenye ncha tu, kwa hiyo hayasuguani sana, na gari linakuwa laini. Zinapatikana kwa Land Rover za zamani. Ukizinunua, chagua zinazolingana na mzigo wako, na uweke shokapu nzuri, maana msuguano ule uliosaidia kutuliza gari umepungua.

SPRINGI IKIVUNJIKA NJIANI

Simama taratibu. Shusha abiria wote. Shusha mzigo. Kisha tazama ni jani gani.

Kama ni jani fupi, na jani kuu ni zima, funga majani pamoja kwa ukanda wa tyubu ya tairi au kamba imara. Angalia usibane paipu ya breki. Endesha polepole, gari likiwa tupu, mpaka kwa fundi.

Kama ni jani kuu, au ekseli imesogea, usiendeshe. Mfuate fundi aje, hata kama ni mbali. Mazao yatasubiri, na mgonjwa atafutiwe chombo kingine. Gari lisiloshika ekseli yake linaweza kuwaua wote.

Ndugu msomaji, gari la kijiji au la chama cha ushirika si la dereva peke yake. Ni la kila anayelipanda na kila anayepakia gunia lake. Basi daftari la springi likae mahali ambapo wote wanaweza kulisoma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini jani lililovunjika haliungwi kwa kuchomelea?
2. Gari linaruhusiwa kubeba kilo 1,000. Kuna watu 5 wa kilo 60 kila mmoja. Ni magunia mangapi ya kilo 100 yanaweza kupakiwa?
3. Gari linalotumika kijijini kwenu lina daftari? Nani atapima, na nani ataandika?
4. Abiria wafanye nini dereva akipakia kupita kiasi?